Siku Chupa za Mwalimu Zilipooshwa

Habari za kifo cha Mwalimu nilizipata nikiwa nimenyolewa nusu ya kichwa. Kinyozi wangu hapa mtaani Umoja, Nairobi, ni kijana ambaye kwa kawaida hafungui mdomo ila kuzungumzia mpira, lakini siku hiyo alizima mashine ghafla akanitazama kwenye kioo. "Mzee, kwani hukuskia? Ticha wa social hall alituacha. Juzi, akiwa amelazwa hosi. Ni moyo." Kisha akaiwasha tena mashine akaendelea na nusu iliyobaki, maana wateja walikuwa kwenye benchi wakingoja na maisha hayamngoji mtu. Nikalipa, nikatoka, nikasimama kando ya barabara bila kujua ninakokwenda. Sikulia. Tumezika watu wengi mno miaka hii mtaani kwetu hata machozi yameanza kuchelewa. Nilichohisi ni uchovu tu, uchovu mzito wa mabegani, na hasira kidogo ambayo sikuwa na wa kumtolea.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba ukurasa huu haulilii watu. Wanaokufa wakaacha majumba wana kurasa zao kule mbele, zenye picha kubwa na majina ya wajukuu walioko ng'ambo. Mwalimu hakuacha jumba. Alikuwa mama wa Kikamba aliyefundisha katika shule ya msingi hapa Eastlands, mumewe dereva wa lori huko Industrial Area, na nyumba yao ilikuwa kama zetu sote, iliyoongezwa vyumba mbele na nyuma mpaka ua ukaisha. Kila Jumamosi alasiri alifungua ukumbi wa mtaa, akapanga benchi, akatundika mlangoni kipande cha katoni alichokiandika kwa makaa: KARIBU USHIKE. Hakuna aliyemtuma. Mshahara wake haukuongezeka hata kidogo kwa ajili hiyo, na mwalimu mkuu wake alimhesabu kuwa mtu wa kutafuta sifa.

Neno hilo la kushika ndilo lililokuwa ugomvi wake na dunia. Shuleni kwake kulikuwa na kabati zuri la vioo lenye hadubini, mizani na mirija ya kila namna, vitu vilivyoletwa na wafadhili kwa sherehe na hotuba. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwalimu mkuu, na kabati lilifunguliwa mkaguzi alipokuja. Watoto waliichora hadubini kutoka ubaoni, wakakariri sehemu zake zote, wakafaulu mtihani, wakaenda zao sekondari bila kuweka jicho kwenye hadubini yenyewe. Mwalimu alilalamika mpaka akachoka kulalamika. Akaenda soko la Gikomba akanunua miwani kuukuu zilizotoka ndani ya mabunda ya mitumba, akazichomoa vioo vyake, akavitumia kukuzia vitu vidogo. Nyaya na vipande vya vioo aliletewa na mumewe kutoka kwenye majalala ya viwanda. Mioyo, macho na mapafu alipewa na muuza nyama, ambaye kwanza alidhani mama huyu ni mchawi, halafu akawa anakuja mwenyewe kutazama.

Mimi nilikutana naye nilipokwenda kulalamika juu ya kelele. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kulala mchana, na ukumbi ule haukuwa mbali na dirisha langu. Niliingia nimekunja uso, nimevaa tai ili nionekane mtu wa maana, nikakuta watoto wameizunguka meza, na juu ya meza kuna karai lenye mapafu ya mbuzi. Mwalimu hakunipa nafasi hata ya kusalimu. "Karibu baba. Wewe unavuta sigara?" Nikamwambia kidogo tu. "Basi ni wewe tuliyekuwa tunangoja. Njoo upulize." Akanitilia mkononi mrija wa kalamu uliochomekwa kwenye koromeo la mbuzi. Sijui ni kwa nini nilikubali. Nilipuliza, na lile pafu lililokuwa limelala likaanza kuinuka, likajaa, likawa la waridi, watoto wakapiga kelele zilizozidi zile nilizokuja kuzilalamikia. "Buda, puliza tena!" akaniambia msichana mmoja. "Hiyo ni noma!" Mwalimu akanitazama kwa huruma. "Ya mbuzi yanapanda vizuri," akasema. "Yako sijui." Nilirudi nyumbani na harufu ya mbuzi kwenye masharubu. Sigara sikuiacha, lakini sikulalamika tena, na Jumamosi nyingine kadhaa nilijikuta nimekaa kwenye benchi la nyuma.

Nimewahi kuandika hapa kwamba shule zetu zinatutengenezea watu wanaojua majina ya vitu. Mtoto wa mtaani kwetu atakutajia hatua zote za ukuaji wa mbu, kuanzia yai hadi mbu mwenyewe, kwa Kiingereza, bila kukosea, huku ameketi juu ya mtaro ambamo hatua zote hizo zinaogelea. Haangalii chini kwa sababu mtihani hauko chini. Nikimwambia Mwalimu maneno haya alikuwa akitikisa kichwa. Yeye hakupenda hotuba, hata zile za kumuunga mkono. Alisema watoto hawana kosa, wanafanya walichoagizwa, kisha ananituma nikamsaidie kumwaga karai.

Lakini kisa kilichonifanya niandike leo ni cha maji. Miaka hiyo ya mwanzo wa muongo huu, maji yalikuja mtaani kwetu yalipojisikia, na yalipokuja katika safu ya chini ya nyumba, kule walikokuwa wakikaa wanafunzi wake wengi, yalikuwa na rangi ya chai iliyopungukiwa majani. Watoto waliugua matumbo. Madawati ya darasa lake yalianza kubaki wazi, leo hili, kesho lile. Msichana mmoja aliyekaa mbele, mjanja, mpenda kubishana, alipelekwa hospitali na taifodi na hakurudi. Mwalimu alimzika Jumanne, na Jumatano akaenda katika ofisi ya maji kueleza kwamba bomba la safu ya chini linapita ndani ya mtaro wa maji taka na bila shaka limetoboka. Alijibiwa kwamba kila mtu ana bila shaka yake. Kama ana ushahidi, alete.

Basi akaamua kuutengeneza huo ushahidi, na watoto ndio waliomsaidia. Ilikuwa miezi ya baridi, na hilo lilimfaa, kwa sababu alichemsha mifupa ya ng'ombe mpaka mchuzi ukawa mzito, akaumimina kidogo kidogo ndani ya chupa za jemu zilizochemshwa, akauacha ugande. Juu ya kila mchuzi uliogandishwa watoto walidondosha tone la maji: ya mvua, yaliyochemshwa, ya bomba la safu ya juu, ya bomba la safu ya chini. Wakafunika, wakangoja. Walizibandika karatasi, kila chupa na jina la mwenyewe, wakaziita mashamba. Chupa ya maji yaliyochemshwa ilibaki kama ilivyokuwa. Zile za safu ya chini zilianza kutoa madoa meupe, kisha ya manjano, kisha vitu vya kijani vyenye manyoya, na ukifungua kifuniko unatamani ungekuwa umezaliwa bila pua. Hata mimi, nisiyejua sayansi, niliziona nikaenda nyumbani kuchemsha maji.

Kwa kuhangaika kwingi Mwalimu alimpata diwani wetu akubali kuja ukumbini, tena aje na mhandisi wa maji. Mara moja tu, Jumamosi asubuhi, kabla hajaenda harambee nyingine. Nilimwona Mwalimu wiki hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa na wasiwasi. "Nikiwaambia hawatanisikia," aliniambia. "Lakini wakiona kwa macho yao watakataaje?" Alikuwa amezipanga chupa zote mezani, safi upande mmoja, chafu upande wa pili, na mbele ya meza akaweka dawati tupu la yule msichana aliyekufa, ambalo alilikopa shuleni. Hakuwa na mpango mwingine. Kama siku hiyo ingepita bure, watoto wa safu ya chini wangeendelea kunywa walichokuwa wakinywa.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyo. Mgeni wa heshima akija kwetu haji kwenye jengo tupu, anakuja kwa kina mama. Kina mama wa kanisani walipata habari kwamba mheshimiwa anafika, na hakuna aliyehitaji kuwaambia la kufanya. Asubuhi hiyo, wakati Mwalimu amekwenda barabarani kuwapokea wageni wasipotee kati ya nyumba zetu zinazofanana, wao waliingia ukumbini na ndoo, matambara, sufuria za mchuzi wa kuku na chapati zilizofungwa kwenye vitambaa vilivyodariziwa. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa Kiluhya, mke wa karani wa reli, mwenyekiti wa kina mama, mwanamke ambaye hakuna vumbi lililowahi kumshinda. Akaiona meza. Akaziona chupa. Nilikuwa pale mlangoni nikimsaidia mzee mmoja kubeba viti, nikamsikia akisema kwa uchungu wa kweli, "Yesu wangu! Mwalimu amechoka mpaka ameacha vyombo vioze. Na mgeni yuko njiani!" Sikuelewa ni vyombo gani. Nilidhani ni sufuria. Tukatoka tena kwenda kanisani kuchukua viti vingine.

Waliziosha zote. Waliziosha kwa upendo, ndivyo nitakavyosema siku zote, kwa majivu na maji ya moto na sabuni ya kipande, mpaka zikang'aa. Karatasi za majina zikatoka. Dawati walilifuta, wakalisogeza kando, wakaliwekea birika la chai. Halafu, kwa kuwa meza ilionekana tupu, mmoja wao akachuma maua mekundu kwenye ua la jirani, wakayatia ndani ya chupa, kila chupa na shada lake. Niliporudi na viti nikasimama nimeshika kiti hewani. Nilitaka kusema kitu. Lakini tayari nje gari lilikuwa limesimama, na kina mama walikuwa wameanza kuimba.

Mwalimu aliingia nyuma ya wageni. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye, sikuwatazama wao. Alitembea hatua kadhaa akitabasamu, kisha tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Diwani alikunjua mikono. "Hii ndio tunaita maendeleo!" alisema. "Angalia usafi! Angalia maua! Mama, nyinyi ni mfano kwa wadi nzima." Mhandisi alitazama huku na huku akauliza kwa adabu hayo maji yenye shida yako wapi. Mwalimu akajibu kwa sauti ndogo, "Yalikuwa hapa mezani. Yameoshwa." Diwani akacheka kicheko kizuri, cha mtu aliyeshiba kabla ya kula. "Kama yameoshwa si basi yamekuwa safi?" Watu wakacheka naye, kama tunavyocheka mheshimiwa anapocheka. Mwalimu alijaribu kueleza. Alieleza juu ya mifupa, na matone, na manyoya ya kijani, lakini nani angeyaamini maneno hayo mbele ya maua? Wakala chapati. Wakasifu kuku. Mheshimiwa akaahidi kuyafikiria, akaenda zake harambee.

Gari likaondoka. Watoto ndio waliokuwa wameelewa kwanza, mmoja alikuwa akilia kwa kwikwi, "Shamba langu." Mwenyekiti akawatazama watoto, akaitazama meza, akamtazama Mwalimu aliyekuwa ameketi kwenye benchi amevua viatu.

"Mwalimu," akauliza, "kwani ilikuwa nini?"

"Ilikuwa maji yenu, mama."

Yule mama alikaa chini, sakafuni, na nguo yake ya kanisani. Mmoja wa watoto waliokuwa wamelazwa na taifodi mwezi uliopita alikuwa wake. Nilijua, na kila mtu pale alijua, kwamba Mwalimu alikuwa na haki ya kusema lolote. Nilikuwa nikingoja alipuke, na nakiri ningefurahi. Badala yake alisema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Kosa si lako. Mwaka mzima mnaniletea watoto mpaka mlangoni, mnarudi nyumbani kupika. Sikuwahi kumwambia hata mmoja wenu aingie ashike." Akavaa viatu. "Jumamosi ijayo mje nyinyi. Mje na mifupa."

Wakaja. Msidhani nawapa hadithi ya ushindi, sina. Kina mama walijifunza kugandisha mchuzi wao wenyewe, kila mmoja akawa na chupa zake juu ya kabati la vyombo, na waliona kwa macho yao kilichokuwa kikiota. Wengi walianza kuchemsha maji, ila mafuta ya taa si bure, na wapo walioshindwa. Walikwenda katika ofisi ile kwa kundi, na chupa kikapuni, wakaambiwa wamuone huyu, wamuone yule, waziache nje kwa sababu ya harufu. Walirudi tena na tena. Mwishowe walikuja vijana na sururu, wakachimba, wakaacha shimo wazi msimu mzima, wakarudi wakabadilisha kipande cha bomba. Kipande. Safu ya chini ikapata maji yenye rangi ya maji, na watoto wakapungua kuugua. Hakuna aliyekuja kufungua bomba hilo kwa hotuba.

Halafu ukumbi nao ukaenda. Asubuhi moja tuliukuta umezungushiwa mabati, na askari wa kukodiwa na mbwa mlangoni, na mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza ardhi ya mtaa iligeukaje kuwa ya mtu. Sasa pale pamesimama ghorofa. Mwalimu alihamisha benchi zake sebuleni kwake, watoto wakawa wanakaa mpaka chini ya meza, mume wake anakula chakula chake cha Jumamosi amesimama jikoni. Nilimpitia siku moja baada ya zile mvua kubwa zilizotuharibia barabara zote. Nikamuuliza kama hajachoka. "Nimechoka kabisa," akasema. "Kesho kutwa una nafasi uje unisaidie kubeba benchi?" Nilikwenda. Ndiyo mara ya mwisho tuliyozungumza kwa kirefu, na mazungumzo yenyewe yalikuwa juu ya mguu wa benchi uliolegea.

Jana tulikusanyika nyumbani kwake kwa ibada na mchango wa mazishi, maana wanampeleka Ukambani Ijumaa. Diwani alituma ujumbe kwamba atakuja kutoa rambirambi; bado ni yule yule, uchaguzi unakuja na unapita naye haondoki. Mbele ya nyumba ya Mwalimu kuna mtaro uliopasuka tangu mvua zile, unafurika maji taka mpaka karibu na mlango, na marehemu mwenyewe alikuwa ameiandikia ofisi ya maji barua nyingi zisizojibiwa. Vijana wa mtaa, kwa heshima ya msiba na ya mgeni, wakaleta mikokoteni ya pumba za mbao kutoka kwa maseremala wa Gikomba ili waufunike. Mmoja alikwishashika koleo. Mwenyekiti wa kina mama alitoka jikoni, mikono imejaa unga wa chapati. Amezeeka, magoti yanamsumbua.

"Wachaneni nayo."

"Lakini mathe, mheshimiwa yuko njiani anakam," kijana akasema. "Kunanuka vibaya."

"Ndio najua kunanuka. Leteni kiti chake muweke hapo kando."

Waliweka kiti, kile kizuri chenye mto, pembeni kabisa ya mtaro. Kina mama wengine walipanga vya kwao nyuma yake, kwa hivyo hakukuwa na mahali pa kukisogeza. Mheshimiwa alifika, akasalimiana na wafiwa, akaonyeshwa kiti chake kwa heshima zote. Akaketi. Alikaa hapo ibada yote, leso puani, miguu yenye viatu vyeusi ameikunja chini ya kiti, na alipopewa nafasi alisema maneno machache kuliko nilivyowahi kumsikia akisema. Hakuna aliyeutaja ule mtaro, na hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimletea chai mwenyewe, kwa mikono miwili.

Wengi wetu tumelelewa kusafisha nyumba kabla mgeni hajaingia, na si mila mbaya. Lakini nchi nzima tumeigeuza kuwa kazi. Barabara inazibwa viraka siku mkubwa anapopita, mawe ya shule yanapakwa chokaa, wagonjwa wanapewa shuka mpya asubuhi na kunyang'anywa jioni, kisha tunakaa tukishangaa kwa nini wakubwa hawajui tunavyoishi. Hawajui kwa sababu tumewaoshea. Mwalimu alitumia Jumamosi zake zote kuwafundisha watu wa mtaa mmoja kwamba kitu lazima kionekane kwanza, kishikwe, kinuswe ikibidi, ndipo kiweze kurekebishwa, na aliyechelewa zaidi kulielewa somo hilo ndiye aliyelitenda jana mbele yetu sote. Sijui kama mtaro ule utazibuliwa. Nimechoka na sitawaahidi. Leo asubuhi, ninapoandika haya, bado unafurika. Ila safari hii yule bwana hawezi kumwambia mtu yeyote kwamba hakuuona.